Taco za Homa Bay: Bei ya Nairobi, Samaki wa Katoni

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Migori na Homa Bay imebadilika sura. Ofisi zimeongezeka, wafanyakazi wenye mishahara wamehamia, na nyuma yao zimekuja hoteli za namna ambayo zamani mtu wa huko alizifuata Kisumu. Watu wetu wa pwani wamo pia katika msafara huo: walimu, wauguzi, wenye maduka ya vitambaa na vipuri kando ya barabara kuu iendayo Isebania, na akina mama waliofuatana na waume zao mpaka mpakani mwa Tanzania. Waislamu hawakufika kanda hiyo jana. Kendu Bay, mji mdogo wa bandari katika Kaunti ya Homa Bay, una msikiti wa kale ambao wenyeji huwaonyesha wageni kwa fahari. Lakini jamaa zetu waliohamia karibuni bado wanajifunza mji, na swali lao kubwa si la msikiti. Ni la meza: tukitaka kutoka na watoto siku moja, tule wapi?

Miezi hii akina mama kadhaa walitutumia swali lile lile kuhusu hoteli mpya ya chakula cha Meksiko iliyofunguliwa Homa Bay. Vijana hawaachi kuonyeshana picha zake kwenye simu, na tayari Migori imepata ya kuiiga. Je, familia ya Kiislamu yaweza kukaa pale na kula kwa moyo mtulivu? Tulisafiri tukaonje wenyewe. Homa Bay tulikula mara mbili, Migori mara moja. Majina ya hoteli hatutayataja, kwa kuwa wenyewe ni vijana wanaoanza biashara na mengi tuliyoyaona yanarekebishika.

Kwanza neno kuhusu jina la chakula chenyewe. Mkate mwembamba wa mahindi au ngano, uliokunjwa juu ya nyama au samaki, Wameksiko huuita taco. Kanuni ya kawaida ingetutaka tuliandike neno hilo kwa herufi zetu, lakini matokeo yake yangetutia haya mbele ya watoto na wakwe. Basi na libaki taco.

Hoteli ya Homa Bay ni nzuri kwa macho, hilo halina ubishi. Inatazama ghuba, upepo wa ziwa unaingia, na ukutani pamechorwa mimea ya miiba na watu wenye kofia pana. Tulipokelewa kwa adabu. Tuliagiza saa kumi na moja jioni. Chakula kikaletwa saa moja kasoro dakika kumi. Maghrib ilitukuta tukingali tunasubiri, na hapa tunapaswa kumshukuru meneja: alitufungulia chumba cha stoo, akatandika kitambaa safi, akawaonyesha akina mama bomba la maji. Wachache wangefanya hivyo bila kuombwa mara mbili.

Kilicholetwa kilikuwa kitu kingine. Mkate ulikuwa chapati ya pakiti, baridi, iliyokatika ilipokunjwa. Nyama ilikuwa kima ya kawaida, haina bizari wala ndimu, imelala juu ya kabichi. Salsa, ambayo kwa hakika ni ndugu wa damu wa kachumbari yetu, ilikuwa tomato sosi ya chupa, tamu kama sharubati. Guakamole, yaani parachichi lililopondwa kwa ndimu, kitunguu, kotmiri na pilipili mbichi, ilikuwa nyeupe. Parachichi lilikuwa limezamishwa katika mayonezi hata rangi yake ikapotea. Na hii ni kanda inayopakana na Kisii, ambako parachichi ni zao la kila boma. Asubuhi ya siku ile sokoni tulikuwa tumenunua matatu makubwa kwa bei ya soda.

Tulirudi kesho yake tukaagiza taco za samaki, kwa kuwa samaki hana suala la uchinjaji na ziwa liko pale pale mbele ya macho. Samaki alikuja amekaangwa vizuri kwa nje. Ndani alikuwa laini kupita kiasi, anatoa maji, hana harufu ya ziwa wala ladha ya tope lake. Tulimwuliza kijana aliyetuhudumia samaki ametolewa wapi. Akajibu kwa unyofu, bila kuona ajabu yoyote: "Ni wa katoni, mama. Wa China."

Wasomaji wa pwani huenda wakashangaa, lakini watu wa ziwani hawashangai tena. Kwa miaka mingi sasa Kenya imekuwa ikiagiza ngege wa kufugwa kutoka China, waliogandishwa, na samaki hao huuzwa hata katika miji iliyo ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ni wa bei nafuu, wana ukubwa mmoja, na hupatikana hata siku ambazo wavuvi wamerudi mikono mitupu. Ngege wa ziwa wamepungua kwa uvuvi uliopita kiasi, kwa uchafu, kwa magugu-maji, na kwa sangara, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akawala wadogo wake. Mwenye hoteli anayetaka sahani arobaini zinazofanana ana sababu zake za kufungua katoni. Sisi tuna sababu zetu za kulalamika. Kwenye orodha yake ya vyakula ameandika "samaki wa ziwani", akatoza taco tatu shilingi 950. Na katikati ya bei hiyo na katoni ile amepotea mama mchuuzi aliyeamka alfajiri kungoja mitumbwi ufukoni.

Katika hoteli ya Migori tulikuta orodha ile ile imenakiliwa, pamoja na makosa yake ya herufi. Tuliagiza nacho. Asili yake ni vipande vya mkate wa mahindi vilivyokaangwa vikakauka, juu yake jibini na pilipili. Alivibuni mpishi aitwaye Ignacio Anaya mwaka 1943 huko Piedras Negras, mji wa mpakani mwa Meksiko na Marekani, na jina ni kifupi cha jina lake. Tulicholetewa ni krispi za viazi za pakiti, zimemwagiwa sosi. Watoto walifurahi. Sisi tulikunywa chai.

Lakini ubovu wa mapishi ni hasara ya mfuko tu. Lililowasumbua akina mama waliotuuliza ni zito zaidi, na mmoja wao alitusimulia yaliyomfika. Yeye ni mzaliwa wa Kisauni, anaishi Migori, na kila asubuhi hukaanga mahamri na viazi karai vya kuuza. Binti yake wa miaka kumi alikuwa amehitimu kuisoma Kurani yote, na mama alimwahidi kuwa akihitimu watakwenda kula Homa Bay, mahali pale penye picha. Aliweka akiba kidogo kidogo kwa miezi mitano. Siku ilipowadia walipanda matatu wote sita, wakapitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, watoto wamevaa nguo za Idi. Chakula kilipofika mezani, mama aliona soseji zikitolewa jikoni kwa ajili ya meza ya jirani. Akauliza ni za nini. Mhudumu akasema za nguruwe. Zimechomwa wapi? Pale pale, kwenye chuma kile kile. Na maharage haya yamekaangwa kwa mafuta gani? "Mafuta ya kawaida, mama." Ya kawaida ni yapi? Hakuna aliyejua.

Alilipa shilingi 7,200, taco na juisi za watu sita, wakaondoka bila kutia kitu kinywani. Saa nne usiku binti aliyehitimu alikuwa nyumbani Migori akila mkate na mayai. Mama alituambia kuwa binti hakulia. Alisema ingekuwa afadhali angelia.

Maswali ya mama yule yalikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi wasiwasi si mkubwa sana, kwa kuwa katika machinjio mengi ya umma nchini Kenya mchinjaji huwa Muislamu, na mwenye bucha akiulizwa hueleza. Hatari ya jiko la Kimeksiko imejificha katika mafuta. Maharage yao ya kupondwa na kukaangwa hupikwa kwa desturi kwa mafuta ya nguruwe. Baadhi ya maharage ya mkebe yanayoagizwa kutoka nje yana mafuta hayo hayo, na hata mkate wa ngano wa asili ya huko huweza kukandwa nayo. Baadhi ya krimu chachu hutiwa jelatini. Kuna pia nyama inayolazwa katika bia au katika tequila, pombe ya mmea wa miiba. Homa Bay tuliona "kuku wa tequila" kwenye orodha, na meneja, kwa nia njema kabisa, alitueleza kuwa pombe huungua yote motoni. Si hivyo. Sehemu yake husalia hata chakula kikitokoswa muda mrefu. Na hata ingeungua yote, mama wa Kiislamu haendi hotelini kupima kiasi kilichobaki.

Yasisomeke haya kuwa chakula cha Meksiko ni cha kuogopwa. Nguruwe hakuwa sehemu ya chakula hicho tangu asili. Alifika huko pamoja na Wahispania katika karne ya 16. Kabla yao watu wa nchi ile waliishi kwa mahindi, maharage, maboga, nyanya, pilipili na parachichi. Hebu itazameni orodha hiyo, akina mama. Ni kapu la soko la Migori! Mahindi tunayosongea sima, hata tukayapa jina la Uhindi, asili yake ni Meksiko, na inaaminika kwamba Wareno ndio walioyafikisha pwani yetu, kama walivyoleta muhogo na nanasi kutoka upande ule wa bahari. Jirani zetu wa Homa Bay wanaosonga ugali mchana na jioni wanakula zao la Meksiko kila siku bila kofia pana ukutani.

Tofauti iko katika utayarishaji. Wao huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyalaza usiku kucha, huyaosha, kisha huyasaga yakiwa na unyevu. Chokaa hulainisha ganda, huufanya unga ushikane na kusukumika, tena huachilia vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri katika mahindi matupu. Ndiyo sababu watu maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani, waliopokea mahindi bila kupokea ujuzi wa chokaa, waliugua kwa wingi ugonjwa wa ngozi na akili uitwao pelagra. Unga wetu wa sima hauwezi kukunjwa namna ile, kwa hiyo mpishi wa Homa Bay kutumia ngano si kosa. Kaskazini ya Meksiko nao hutumia ngano. Angemwita tu mama yeyote wa mtaani amsukumie chapati za moto.

Jambo jingine litawafurahisha wanaopenda shawarma. Ipo taco mashuhuri inayokatwa kutoka kwenye nyama iliyopangwa juu ya chuma kinachozunguka mbele ya moto. Mtindo huo ulipelekwa Meksiko na wahamiaji wa Kiarabu kutoka Lebanoni na nchi jirani, waliokaa hasa mji wa Puebla katika karne iliyopita, nao walitumia kondoo. Wenyeji ndio waliobadilisha nyama baadaye. Mpishi wa Migori akirudi kwa kondoo hatakuwa ameharibu chakula cha watu. Atakuwa amekirudisha kilikotoka.

Siku ya mwisho tulishuka ufukoni Homa Bay, tukakaa kwenye benchi la mbao katika kibanda cha akina mama wawili wakaanga samaki. Ngege alikuwa wa asubuhi ile, macho yake maangavu. Mafuta yalimiminwa karaini mbele yetu kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na karai hilo halikaangi kitu kingine. Tulipewa kachumbari yenye kotmiri na pilipili, ndimu nusu, ugali wa moto, na parachichi tulilotoa mkobani mwetu. Mmoja wetu alikuwa na chapati mbili zilizobaki za safarini. Akakunja moja juu ya samaki, akatia kachumbari na parachichi, akampa mwenye kibanda aonje. Yule mama alitafuna kwa makini, akauliza chakula hicho kinaitwaje. Tukamwambia. Akacheka mpaka akafunika uso kwa leso, maana Kiswahili anakijua vizuri.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwa meneja wa hoteli mpya, tukamwomba mambo manne: aandike aina ya mafuta kwenye orodha yake, atenge chuma na karai zisizogusa nguruwe, aondoe maneno "samaki wa ziwani" au amtafute samaki wa ziwani, na mteja akiuliza asijibiwe "ya kawaida". Aliandika yote kwenye daftari. Alisema la karai litawezekana upesi, la samaki litategemea bei, na kuhusu chuma atazungumza na mshirika wake. Toleo hili linapokwenda mitamboni ametutumia picha ya karai jipya. Orodha ya vyakula bado ni ile ile.