Udongo uliomtetea Kaizari Sponsian

Mwaka 1713, huko Transylvania, Romania ya leo, zilipatikana sarafu za dhahabu zenye sura ya mtu aliyevaa taji la miale. Pembeni yake pamechorwa jina Sponsian. Hakuna kitabu cha kale cha historia ya Roma kinachomtaja.

Mwenye kutambua sarafu za namna hii huanza na mizani. Aureus, sarafu ya dhahabu ya makaizari, ilikatwa kwa kipimo maalumu. Nero aliipunguza uzito hadi ratili moja ya Kirumi ikatoa 45, takriban gramu 7.3 kila moja. Constantine alipoleta solidus, ratili ilitoa 72, na kila moja ikabaki na gramu 4.5 hivi. Kwa hiyo uzito peke yake huweza kudokeza kipindi. Kisha husomwa maandishi: AVG ni Augustus, kwani Warumi waliandika V penye U, na TR P ni madaraka yaliyohesabiwa mwaka hadi mwaka, hivyo namba inayofuata yaweza kutaja hata mwaka wenyewe wa kutengenezwa.

Sponsian alianguka katika kipimo cha kwanza, cha uzito. Sarafu yake ina gramu zipatazo 10, wakati aureus nyingi za katikati ya karne ya 3 hazikufika hata nusu ya hizo. Tena haikugongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili kama kawaida ya Roma, ila dhahabu iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Mwaka 1863 Henry Cohen, bingwa wa sarafu wa Ufaransa, alisema ni bandia, na hukumu hiyo ikakaa.

Mwaka 2022 Paul Pearson wa University College London na wenzake walichapisha uchunguzi wa sarafu moja waliyoitoa katika kabati la jumba la makumbusho la Hunterian, Glasgow, wakaiweka chini ya hadubini yenye nguvu. Uso wake ulikuwa na mikwaruzo midogo mingi, imepishana kila upande, sawa na ya sarafu halali zilizosuguana mifukoni kwa muda mrefu. Na juu ya mikwaruzo hiyo, si chini yake, palikuwa na chembe za udongo zilizogandishwa na silika. Mpangilio huo ni muhimu mno: kwanza sarafu ilitumika, ndipo ikazikwa kwa muda mrefu. Mghushi wa karne ya 18 angeweza kuikwaruza na kuipaka tope, lakini kuligandisha tope hilo kwa madini ni kazi ngumu kweli.

Pearson anaamini Sponsian alikuwa kamanda katika jimbo la Dacia, lililokatwa na himaya miaka ya 260, akajitengenezea fedha za kulipia askari. Wataalamu wengine wa sarafu hawajakubali. Wanaonyesha kwamba upande wa nyuma umeiga sarafu ya fedha ya zaidi ya miaka 300 kabla yake, na kwamba jina limeandikwa SPONSIANI, yaani “ya Sponsian”, umbo lisilo la kawaida kwenye sarafu ya kaizari.