Shamba lako limeandikwa wapi?

Nabii Yeremia aliponunua shamba la mtoto wa ami yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, alifanya jambo ambalo wengi tunalipita haraka tunaposoma sura ile ya 32. Aliandika hati mbele ya mashahidi, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha akaagiza zote mbili ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu. Wakati huo jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji.

Huku kwetu Usukumani karatasi ya kuuziana shamba mara nyingi huishia kwenye sanduku la nguo. Imesainiwa na majirani wawili na labda balozi. Siku muuzaji akifariki na mashahidi wakahama, watoto wake husema baba alikodisha tu. Mkonge uliopandwa mpakani hauwezi kusema nani alinunua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, iliweka daftari la ardhi katika kijiji, na mtunzaji wake ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Hatimiliki ya kimila husainiwa kijijini, hupelekwa kwa afisa ardhi wa wilaya, na kumbukumbu zake hukaa kijijini na wilayani. Hati ya mwenye shamba ikiliwa na mchwa, daftari bado lina jina lake. Anayemuuzia mtu asiye wa kijiji anahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Na mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu tu ni mwanamke haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Mama aliyefiwa na mumewe aende akaone kama jina lake limo.

Lakini daftari huwatambua walioandikwa tu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwagawia mashamba askari Wazungu waliorudi vitani. Mashamba yalipimwa, na wapewaji wakaandikwa. Sehemu ya mashamba hayo ilikatwa kutoka ardhi ya Wanandi, waliokuwa wakiishi na kulisha ng'ombe pale bila karatasi yoyote. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita ile hile hawakugawiwa.

Kwetu leo jeshi au taasisi nyingine ya umma ikihitaji ardhi ya kijiji, kuna utaratibu. Waziri hutoa taarifa katika Gazeti la Serikali, ikieleza eneo na sababu. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri huamua. Fidia hukubaliwa kabla ya ardhi kuhama. Ngitili ambayo haijaandikwa popote itadaiwa fidia kwa ushahidi gani?

Jambo moja la kwetu hasa. Kabla ya mwaka 2012 Kalemela ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Sasa ipo Busega, Mkoa wa Simiyu. Mwenye hati ya kabla ya hapo aulize Nyashimo, na asipoipata aulize Magu, akiwa na nakala mkononi.