NANI ATENGENEZE NJIA YA KAPSOIT?
Serikali za wenyeji katika Kericho, na jinsi zilivyo katika nchi kadhaa za Ulaya

Mvua kubwa inyeshapo siku mbili mfululizo huko Kapsoit, lori la kiwanda huweza kukwama kabla ya kufika kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Majani yaliyochumwa asubuhi hayangoji. Yakishindiliwa katika magunia hupata moto, hugeuka rangi, na karani wa kupima huyakataa. Hapo ndipo mkulima aulizapo: Njia hii ni ya nani, na nani wa kuitengeneza?

Swali hilo lina jibu, lakini si jepesi. Barabara kuu ya lami itokayo Kericho kwenda Kisumu, ambayo hupita Kapsoit, imo mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Njia nyingi za udongo ziingiazo mashambani ni kazi ya Serikali ya Kaunti ya Kericho. Kadhalika zahanati, maji, masoko, mafunzo ya ukulima na shule za watoto wadogo wa chekechea ni za Kaunti. Bali shule za msingi na za sekondari, pamoja na polisi, ni za Serikali ya Kitaifa. Mtu apelekaye barua Nairobi kwa ajili ya kalvati ya njia ya kituoni amebisha mlango usio wake.

Zamani mlango ulikuwa mmoja. Wakipsigis walikuwa na kokwet, yaani baraza la majirani wa kilima kimoja. Aliyeliongoza aliitwa boiyot ab kokwet, naye hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kisha kutamka yale ambayo wazee wamekwisha kukubaliana. Kura hazikuhesabiwa, maneno yaliendelea mpaka watu wawe na shauri moja. Yafaa kusema pia kwamba wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee katika mkutano huo.

Serikali ya kikoloni ilianzisha Mabaraza ya Wenyeji mwaka 1924, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Disii. Mwaka 1950 yalipewa jina jipya la Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na baada ya Uhuru wa 1963 yakafuatwa na mabaraza ya kaunti yenye madiwani waliochaguliwa. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuyanyang'anya mabaraza hayo kazi tatu zilizokuwa uti wao wa mgongo, nazo ni shule za msingi, afya na barabara. Tangu 1970 kazi hizo ziliendeshwa kutoka Nairobi. Si ajabu basi kwamba watu wengi walilifahamu baraza kwa sura ya askari wa soko na risiti yake tu.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo. Kaunti 47 ziliundwa, na uchaguzi wa kwanza wa magavana ulifanywa tarehe 4 Machi, 2013. Kaunti ya Kericho ina wadi 30, na Kapsoit ni mojawapo, katika jimbo la Ainamoi. Kila wadi huchagua mwakilishi wake kwa miaka mitano. Baada ya uchaguzi wa 2022 waliongezwa wajumbe 17 wa kuteuliwa, hata Bunge la Kaunti likawa na wajumbe 47. Gavana huchaguliwa na watu wote wa kaunti, wala hawezi kushika kazi hiyo zaidi ya vipindi viwili.

Msomaji asidhani kwamba huko Ulaya wote hufuata njia moja. Katika Ufaransa, ambako kuna mitaa ya utawala ipatayo 35,000, mingine midogo kuliko kijiji cha Kapsoit, wananchi huchagua baraza, na baraza ndilo limchagualo meya. Katika Uholanzi meya hachaguliwi kwa kura ya watu. Huteuliwa kwa amri ya Mfalme, ijapokuwa baraza la mji ndilo hupendekeza jina. Watu wa Uholanzi hawajioni kuwa watumwa kwa sababu hiyo, maana fedha na sheria ndogo zimo mikononi mwa baraza.

Ajabu zaidi ni mkoa wa Glarus katika Uswisi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei wapiga kura wote wanaotaka hukusanyika uwanjani, chini ya mbingu wazi, wakiwa na kadi za rangi mkononi. Mtu yeyote mwenye kura, tangu umri wa miaka 16, aweza kusimama na kusema. Kiongozi huyatazama makadi yaliyoinuliwa na kutangaza upande ulioshinda. Mwaka 2006 serikali ya mkoa ilileta shauri la kupunguza mitaa 25 hadi 10. Raia mmoja akasimama akasema iwe mitatu tu. Watu wakainua kadi, na shauri lake likashinda; tangu 2011 mkoa una mitaa mitatu.

Mzee wa kokwet angeutambua mkutano ule mara moja. Lakini kuna tofauti kubwa na mikutano ifanywayo Kapsoit siku hizi. Katiba yaiamuru Kaunti iwashirikishe wananchi, na maofisa huja, huandika maoni na kuondoka. Maoni hayo ni ushauri; uamuzi hubaki kwa Bunge la Kaunti. Katika Glarus kadi iliyoinuliwa ndiyo sheria yenyewe.

Tofauti ya pili ni fedha. Katika Uswidi mtu hulipa kodi ya mapato kwa mtaa na mkoa wake, kiasi cha kama theluthi moja ya mapato yake, na baraza ndilo liamualo kiasi hicho. Kwa hiyo hulidai baraza hesabu kwa ukali. Kaunti za Kenya hupata sehemu kubwa ya fedha kutoka Nairobi. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 zilitengewa shilingi bilioni 415 kwa pamoja. Fedha zikichelewa kutoka huko, tingatinga husimama Kericho.

Na je, kiongozi akiwachukiza watu? Katika Poland raia wenyewe waweza kumwondoa meya kwa kura. Asilimia 10 ya wapiga kura wa mtaa wakitia sahihi, kura hupigwa. Lakini haihesabiwi kuwa halali ikiwa waliofika ni chini ya tatu ya tano ya wale waliopiga kura alipochaguliwa. Kwa gavana wa Kenya jambo hilo halimo mikononi mwa raia moja kwa moja. Thuluthi mbili za wajumbe wote wa Bunge la Kaunti sharti wakubali, kisha Seneti husikiliza mashtaka.

Kericho imeijaribu sheria hiyo. Mwezi wa Oktoba 2024 wajumbe 31 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Thuluthi mbili za 47 ni 31 na kipande. Na kwa kuwa mjumbe hakatwi vipande, walihitajiwa 32. Seneti ikaikomesha kesi kwa sababu ya mtu mmoja aliyepungua, bila kuyapima mashtaka yenyewe. Mwezi wa Agosti 2025 wajumbe walijaribu tena, na mara hiyo pia gavana alibaki katika kiti chake.

Kwa mkulima wa Kapsoit, hata hivyo, tarehe zina faida kuliko kesi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yake, tarehe 28 Februari, hupelekwa waraka wa mpango wa fedha. Lakini karatasi ya kwanza kabisa, yaani mpango wa maendeleo wa mwaka, huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla fedha hazijaanza kutumika. Kalvati ya njia ya kituoni hutakiwa kutajwa humo, kwa jina la mahali pake. Mkutano wa mwezi wa Aprili, ambao watu wengi huuhudhuria, huwakuta makarani wamekwisha kugawa sehemu kubwa ya hesabu.