Uzi wa Balbu Kama Kizuizi cha Mkondo katika Taa ya Zebaki

Taa ya kawaida ya mvuke wa zebaki haiunganishwi moja kwa moja na umeme wa volti 230. Ikiunganishwa hivyo, mkondo huongezeka kwa kasi mpaka fyuzi ikatike au taa yenyewe iharibike. Hapana budi pawepo kizuizi cha mkondo, ambacho huitwa balasti. Mara nyingi balasti huwa ni choki, yaani koili ya waya iliyozungushiwa kiini cha chuma. Hata hivyo, uzi wa balbu nao waweza kuifanya kazi hiyo, ingawa kwa gharama.

Ndani ya taa ya zebaki mna mrija mdogo wa kwatzi wenye gesi ya argoni na kiasi kidogo cha zebaki. Umeme upitapo, elektroni hugonga atomi na kuzing'oa elektroni nyingine, nazo hugonga atomi zaidi. Kwa hiyo, kadiri mkondo unavyokua, ndivyo njia yake inavyozidi kuwa nyepesi. Tao hilo la umeme halijui kiasi. Sharti liwekewe mpaka kutoka nje.

Uzi wa tungsteni una tabia iliyo kinyume. Balbu ya wati 100 iwakapo kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 529. Ikiwa baridi, ukinzani huo ni omu 40 hivi tu. Mkondo ukizidi, uzi huzidi kupata moto, ukinzani hupanda, na mkondo hurudishwa nyuma. Vikiunganishwa kwa mfululizo, uzi hulidhibiti tao.

Na uchukuliwe mfano wa taa ya zebaki ya wati 125. Ikishapata moto, huhitaji volti 125 hivi na mkondo wa ampea 1.15. Kwa makadirio, volti 105 zilizosalia huangukia uzi:

Ukinzani: 105 ÷ 1.15 = omu 91
Nguvu: 105 × 1.15 = wati 121

Mwanafunzi asidhani kuwa balbu ya wati 125 yatosha. Wati zilizoandikwa juu ya balbu ni za volti 230, si za volti 105. Balbu mbili za wati 200 zilizounganishwa sambamba ndizo zinazokaribia omu 91 kwa volteji hiyo ndogo. Nazo hutoa mwanga mwekundu hafifu, usiofika sehemu moja ya kumi ya mwanga wao wa kawaida. Mfumo mzima basi hula wati 246 hivi, ilhali choki ingalipoteza wati 15 hivi tu.

Kuna kasoro nyingine. Katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, mkondo hufika sifuri mara 100 kila sekunde. Choki huuchelewesha mkondo nyuma ya volteji; hivyo mkondo ufikapo sifuri, volteji imekwisha kuwa juu, na tao huwaka tena papo hapo. Penye uzi, vyote viwili hufika sifuri pamoja, na tao hulazimika kungoja. Umeme ukishuka, taa huzimika upesi zaidi, na hukaa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena.

Faida nayo ipo. Mwanga wa zebaki una upungufu wa rangi nyekundu, na uzi huiongeza. Kwa sababu hiyo viwanda vilitengeneza taa mchanganyiko, zenye mrija na uzi ndani ya kioo kimoja, zisizohitaji choki. Taa hiyo ya wati 160 hutoa lumeni 20 hivi kwa kila wati. Taa ya zebaki yenye choki hutoa 50 hivi, na balbu ya kawaida 13 hivi.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje taa za mvuke wa zebaki wa kanieneo kubwa kwa matumizi ya kawaida. Zilizosalia zishikwe kwa uangalifu. Kioo cha nje kikivunjika, mrija waweza kuendelea kuwaka huku ukitoa mionzi ya urujuanimno inayounguza macho na ngozi. Taa ya namna hiyo izimwe mara moja. Ama kanuni ya kuzuia mkondo, hiyo haikupitwa na wakati: taa za mrija zilizomo madarasani nazo haziwezi kuwaka salama bila ya kizuizi.