Uzamivu na Gharama Yake: Mazingatio kutokana na Tafiti za Usambara

1.0 Utangulizi

Katika idara za Kiswahili na isimu, swali la kama inafaa kusomea shahada ya uzamivu aghalabu hujibiwa kwa hesabu ya cheo: aliye nayo hupanda, asiye nayo hubaki alipo. Jibu hilo si la uongo, lakini ni pungufu. Halielezi shahada hiyo humpandisha nani, humpandisha akiwa na umri gani, wala hugharimu nini njiani. Makala haya yanakusudia kuipima thamani ya uzamivu kwa kuzingatia mambo matatu: nafasi yake katika ajira, vikwazo vya kila siku vya mtafiti aliye uwandani, na hatima ya tasnifu baada ya kutahiniwa. Mifano imetolewa Usambara, hasa upande wa Bumbuli, kwa kuwa nchi ya Wasambaa imeandikwa na wasomi kwa zaidi ya karne moja. Kwa hiyo inawezekana kuona ni kitu gani hubaki mtafiti akishaondoka. Hoja inayojengwa ni kwamba malipo ya uzamivu katika ajira ni finyu na huchelewa, na kwamba mtaji wake wa kweli ni muda mrefu wa kulisikiliza jambo moja. Mtaji huo huzaa pale tu kazi inapotoka kabatini na kusomeka.

2.0 Shahada na Ajira

Katika vyuo vikuu vya Tanzania shahada ya uzamivu ni lango. Mhadhiri Msaidizi hawezi kuwa Mhadhiri bila kuwa nayo, na juu ya Mhadhiri zipo ngazi za Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Hata hivyo, lango si safari yenyewe. Kuanzia ngazi ya Mhadhiri kinachopimwa zaidi ni machapisho, na shahada haihesabiwi mara ya pili. Nje ya vyuo lango lenyewe ni jembamba zaidi. Mwalimu wa sekondari au ofisa wa wizara hulipwa kwa cheo alichopewa. Shahada humwongezea heshima na pengine fursa, lakini haimbadilishii daraja kwa nguvu zake yenyewe.

Umri nao huingia katika hesabu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wanaweza kutumikia hadi umri wa miaka 65, ilhali watumishi wengine kwa kawaida hustaafu wakiwa na miaka 60. Tuseme mtu ameanza masomo akiwa na miaka 50, akayamaliza kwa miaka mitano huku akifundisha. Amebakiwa na miaka mitano ya kuandika vya kutosha apande hadi uandamizi. Asipofika, atastaafu akiwa ameitumia shahada kwa muda uleule alioutumia kuitafuta. Aliyeanza akiwa na miaka 30 ana hesabu tofauti kabisa. Kwa hiyo swali la thamani ya uzamivu halina jibu moja kwa watu wote: sharti liulizwe pamoja na umri wa anayeuliza, kazi aliyo nayo na watu wanaomtegemea.

3.0 Vikwazo vya Kila Siku

Ugumu wa uzamivu hauko katika nadharia pekee. Sehemu kubwa yake ni mambo madogomadogo yanayojirudia. La kwanza ni vibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayosimamia utafiti nchini. Mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo chake. Kwa anayekwenda Bumbuli, barua hupita mkoani Tanga, ikafika Lushoto, ikaingia katika halmashauri ya Bumbuli, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2013, kisha katani na kijijini. Kila meza ina haki ya kuuliza, na kila siku ya kungoja ina nauli na chakula chake.

La pili ni majira. Kutoka Mombo hupandwa mlima hadi Soni, na kutoka Soni ndipo njia ya Bumbuli huachana na ile ya Lushoto. Wakati wa masika safari hizo hazitabiriki. Wenye lugha nao wana kazi zao: chai huchumwa asubuhi, maharage na mboga vina msimu wake, na siku ya gulio haipatikani nyumba yenye mtu. Mtafiti hulazimika kungoja jioni, na jioni ya masika mvua ikipiga juu ya bati, sauti iliyorekodiwa haifai kitu. Kisambaa ni lugha yenye toni. Kunakili mazungumzo ya saa moja ni kazi ya siku kadhaa, na neno lililofunikwa na mvua haliwezi kukisiwa.

La tatu ni familia na kazi. Mtahiniwa wengi hawamwoni kama mwanafunzi, bali mtu mzima mwenye mshahara. Michango ya harusi na misiba humfikia kama kawaida, vipindi vya kufundisha humngoja, na ada hudai tarehe yake. Kwa mwanamke mzigo wa nyumbani mara nyingi haupunguzwi kwa sababu tu ameanza kuandika tasnifu. Juu ya hayo sura iliyokabidhiwa kwa msimamizi inaweza kukaa miezi. Wengi wanaoacha njiani huachishwa na mrundiko huu, wala si uchache wa akili. Idara inayomdahili mtahiniwa bila kumpunguzia vipindi, wala kumwekea msimamizi muda wa kurudisha sura, imeshiriki kumkwamisha.

4.0 Muda kama Mtaji

Pamoja na gharama hizo, uzamivu hutoa kitu ambacho kazi nyingine za kisomi hazitoi kwa urahisi: ruhusa ya kukaa na jambo moja kwa miaka. Mfano mzuri ni wa Steven Feierman, mwanahistoria kutoka Marekani, aliyefanya utafiti Usambara kati ya mwaka 1966 na 1968. Alipata shahada ya uzamivu katika historia mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na nyingine katika anthropolojia mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974. Cha pili, kuhusu wakulima kama wanafikra wa siasa, kilitoka mwaka 1990.

Kiini cha kitabu hicho cha pili ni semi mbili za Kisambaa: kuzifya shi na kubana shi. Ya kwanza ni kuiponya nchi, ya pili ni kuiharibu. Neno shi lina asili moja na nchi ya Kiswahili, na msikilizaji wa Kiswahili hulitambua upesi. Kubana, kinyume chake, humpotosha, kwani atalielewa kwa maana ya Kiswahili ya kukaza. Mwenye hojaji ya wiki mbili angeziandika semi hizo katika orodha ya msamiati na kupita. Aliyekaa akazisikia zikitumiwa juu ya mvua, njaa, watemi na utawala wa kikoloni aliweza kuona kwamba zimebeba nadharia nzima ya utawala. Uzito huo huonekana hata Bumbuli, ambako, kwa mapokeo ya ukoo wa Wakilindi, aliyetazamiwa kuirithi enzi ya Vugha alitawala kwanza.

5.0 Hatima ya Tasnifu

Swali linalobaki ni kazi hizo zimeishia wapi. Sarufi ya Kisambaa ya Karl Roehl ilitoka Hamburg mwaka 1911, na kamusi ya LangHeinrich mwaka 1921 mjini humohumo. Zote ni za Kijerumani. Ruth Besha, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha utafiti wake juu ya njeo na hali mjini Berlin mwaka 1989, kisha msamiati wa Kisambaa mjini Tokyo mwaka 1993, vyote kwa Kiingereza. Mfano wa Besha unaonyesha uzamivu ulivyozaa: mada iliyochunguzwa ikawa kitabu, kisha kikafuata cha pili, navyo vimebaki tegemeo la watafiti wa lugha hiyo. Hata hivyo, mkulima wa Bumbuli hawezi kuvisoma.

Inafaa kukumbuka kwamba kitabu cha zamani juu ya eneo hilo ambacho mkulima huyo angeweza kukisoma ni cha mtu asiyekuwa na shahada yoyote. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kilitolewa tena Nairobi mwaka 1962, na wenye shahada za uzamivu wamekitegemea tangu hapo. Mtahiniwa wa leo ana nafasi ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Tasnifu za uzamivu sasa huandikwa kwa Kiswahili, na istilahi zipo: Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1990.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba shahada ya uzamivu inafaa kwa anayekusudia kufundisha na kutafiti chuoni, hasa akiianza mapema, na kwamba kwa wengine faida yake katika ajira haina uhakika. Imeonyeshwa pia kwamba vikwazo vikubwa ni vya kawaida, na vingi vinaweza kupunguzwa na idara zenyewe. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Katika utafiti wa lugha wachumaji ni wawili: mtahiniwa, na mwenye lugha aliyeacha chai yake akaketi kujibu maswali. Kivuli cha wa kwanza ni cheo. Wa pili atakipata chake pale tu atakapoweza kufungua kazi iliyotokana na maneno yake na kusoma ilivyoyaeleza.