Sanduku Lililoongeza Rangi za Kompyuta

Mwaka 1987 kampuni ya Commodore ya Marekani ilianza kuuza Amiga 500, kompyuta ya nyumbani iliyosifiwa kwa picha zake. Kila rangi iliundwa kwa biti 4 za wekundu, 4 za kijani na 4 za buluu. Hivyo rangi zilizowezekana zilikuwa 2¹², yaani 4,096. Picha yenye rangi kamili hutumia biti 8 kwa kila rangi ya msingi, na idadi hupanda hadi 16,777,216. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na masanduku madogo, yaliyochomekwa kwa nje kwenye tundu la skrini, yaliyoipa mashine hiyohiyo rangi ambazo haikuundwa kuzitoa. Je, zilitoka wapi?

Wengi hudhani kwamba kizuizi kilikuwa uhaba wa kumbukumbu. Sivyo. Picha ya nukta 320 kwa 200, yenye baiti 3 kwa kila nukta, huchukua baiti 192,000. Amiga 500 ilikuwa na baiti 524,288. Kizuizi kilikuwa muda. Mstari mmoja wa skrini huchorwa kwa mikrosekunde 64 hivi, na kwa upana wa kawaida wa picha kompyuta iliweza kutoa biti 2,560 tu: nukta 640, kila moja biti 4. Rangi kamili zingedai 320 × 24, yaani biti 7,680.

Sanduku liitwalo HAM-E, la Black Belt Systems, halikuongeza hata biti moja. Lilizifunga nukta 640 mbilimbili: biti 4 na biti 4 zikawa 8, na nukta zikabaki 320. Namba iliyopatikana, kati ya 0 na 255, haikuwa rangi bali anwani ya rangi katika jedwali lililowekwa ndani ya sanduku, na humo kila rangi iliandikwa kwa biti 24. Jedwali lenyewe lilisafiri limefichwa katika mistari ya kwanza ya picha, likitanguliwa na mfululizo maalumu wa namba, mfano wa neno la siri. Kompyuta haikutambua lolote. Kwa upande wake ilikuwa ikichora picha ya rangi 16. (Tangazo la biashara likikusifia rangi milioni 16, kumbuka kuwa picha ya nukta 64,000 haiwezi kamwe kuonyesha rangi zaidi ya 64,000 kwa pamoja.)

DCTV, la Digital Creations, lilitegemea jicho. Jicho hutambua mipaka ya mwanga na kivuli vizuri kuliko mipaka ya rangi, na mfumo wa televisheni wa NTSC, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953, umejengwa juu ya udhaifu huo. Programu ilizipanga biti kwa mtindo huo, sanduku likazifumbua kuwa mawimbi ya televisheni. Picha zilipendeza, herufi ndogo zilififia.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa karatasi ya miraba. Andika namba 0 hadi 15 katika mstari. Kundi la kwanza lipake kila mraba rangi yake. La pili lizichukue jozi, lizidishe namba ya kwanza kwa 16 na kujumlisha ya pili. Jozi ya 9 na 4 itakuwa 148, nalo litalazimika kuomba jedwali.