Simu ya Mama Inapokatika: Nani Atangulie Kwenye Intaneti ya Pamoja?



Wengi wetu Visiwani tuna jamaa bara, na baadhi yao wako Same na juu milimani Upareni. Simu za intaneti zimeturahisishia kuunga udugu. Unampigia mama, salamu zinaanza vizuri, mara sauti yake inakuja vipandevipande. Haraka tunasema bando dogo, atumiwe kubwa zaidi. Mara nyingi bando halina kosa.

Sauti hula kidogo sana, chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Isichoweza ni kusubiri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri isizidi milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji. Sasa mjukuu chumba cha pili akipandisha video kwa ruta ile ile, video hujaza njia na sauti ya bibi yake husimama nyuma ya foleni.

Wapare kugawana kidogo wanakujua. Milimani kwao kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Video ni kama maji hayo, ikilala haiharibiki. Sauti hailali. Kipande kilichochelewa hutupwa.

Dawa iko kwenye ruta, ikiwa ina sehemu ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida huandikwa QoS (za bei rahisi nyingi hazina). Mjukuu apime kasi jioni, watu wanapokuwa wengi mtandaoni. Kisha aiwekee ruta kikomo cha asilimia 85 au 90 ya kasi hiyo, khasa ya kupandisha. Hatua hii watu huiruka, na bila ya hiyo foleni hujipanga nje ya nyumba, ambako ruta haina amri. Halafu aipe kipaumbele simu ya bibi yenyewe, kwa sababu mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa siri na ruta haiyatambui kwa urahisi. Hapo mjukuu hakudhulumiwa, video yake itachelewa kidogo tu. Lakini simu hiyo isigeuzwe ya kuangalizia mpira!

Mnara wa simu ukielemewa, ruta haiwezi kitu. Na ikiwa mama ndiye anayelalamika kuwa hakusikii wewe, anza kutazama ruta ya kwako hapa Unguja au Pemba, na nani anapandisha nini wakati huo.